Mwanaanga wa Kaka si yule tena, na anayejua ni mimi

Shikamoo, Mama Mshauri.

Nakuomba usicheke. Nina miaka 39, nina mke na watoto wawili, na usiku wakishalala mimi hukaa chini ya taa nikipaka rangi vijitu vya plastiki vya kimo cha sentimita 4 hivi. Ni vile vijitu vya Lego, vya kuchezea pamoja na matofali ya plastiki. Sivikusanyi tu, navigeuza. Namchukua zimamoto namfanya fundi cherehani. Namfinyangia ndevu kwa udongo wa epoksi, namkatia aproni ya kitambaa, nampa sura ambayo kiwandani hawakumpa. Mke wangu huwaita "wanao wengine". Siku nyingi huwa anatania.

Aliyenitia katika mambo haya namwita Kaka. Si ndugu wa damu. Amenipita miaka 12, na tulijuana kazini wakati ambao sikuwa na hamu na lolote. Siku moja, saa ya mapumziko, alitoa mfukoni kijitu kisicho na mkono, akaniomba nimsaidie kuutafuta huo mkono ulikoangukia chini ya meza. Tukautafuta wote wawili kwa magoti. Urafiki wetu ulianzia hapo sakafuni. Kila ninachokijua, kuchanganya rangi, kushika brashi bila kutetemeka, kutambua chapa halisi na ya kuiga, amenifundisha yeye.

Kaka ana mamia ya vijitu, vimepangwa ndani ya makabati ya vioo kwa miaka yake. Mmoja tu hakai na wenzake. Ni mwanaanga mweupe wa mwaka 1978, mwaka uleule vijitu hivi vyenye mikono na miguu inayosogea vilipoanza kutoka. Kifuani ana nembo ya sayari ya dhahabu na chombo kinachoizunguka. Wanaovijua wanajua kwamba dhahabu hiyo ndiyo huanza kuondoka. Vidole vya mtoto vikiisugua sana hubaki kivuli tu. Ya Kaka haikuondoka. Alipewa na baba yake akiwa na miaka saba, akaambiwa kwamba mwanaanga hushikwa miguu. Basi akamshika miguu utoto wake wote. Huyo baba amekwisha kufariki.

Miaka minne iliyopita Kaka aliniletea mwanaanga wake. Alikuwa amekaa karibu na dirisha kwa muda mrefu, na weupe wake ulikuwa umegeuka rangi ya meno ya mvuta sigara. Ni jambo la kawaida kwa plastiki ya zamani ikipigwa na jua, na dawa yake naijua: unaitumbukiza katika haidrojeni peroksaidi, unaiacha kwenye mwanga, unaigeuzageuza, unasubiri. Weupe ukarudi. Ningeishia hapo, leo nisingekuandikia.

Lakini palikuwa na kidoa cheusi pembeni mwa nembo, kidogo kuliko mbegu ya ufuta. Kaka hakukitaja. Mimi ndiye niliyekiona, na mimi ndiye niliyetaka kazi yangu isiwe na kasoro. Nikachovya pamba kwenye spiriti, nikasugua. Hakikutoka. Nikaongeza nguvu. Nilipoinua pamba, ilikuwa inametameta.

Usiku ule sikulala. Asubuhi niliamka nimeamua kumwambia. Kufika jioni nilikuwa nimeamua nijaribu kwanza. Nilichora nembo kwa kompyuta nikifuata picha, nikaichapa kwenye ile karatasi ya stika ambayo ukiilowesha majini picha hujitenga na kuteleza. Printa yangu haichapi dhahabu, kwa hiyo dhahabu niliiweka kwa mkono, kwa brashi yenye nywele chache kuliko kope zangu. Nilirudia mara 11. Ya 12 niliibandika juu ya kifua kilekile, nikaifunika kwa vanishi nyepesi, nikapitisha msasa laini kwenye kingo hadi kucha ikawa haikwami tena. Nikwambie ukweli wote, Mama: ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya maishani, na niliifurahia. Wiki tatu nzima niliifurahia.

Kaka alipokuja kumchukua alimwinua kwenye mwanga, akamtazama, akasema, "Hata dhahabu umeing'arisha."

Nikasema, "Ndiyo."

Tangu siku hiyo amenitangaza kwa kila mtu. Watu wananiletea vijitu vyao niwasafishie na kuwatengenezea, wananilipa, na karibu wote wametoka kwake. Kabla hajawapa jina langu huwaonyesha yule mwanaanga. Na mpaka leo humshika miguu, ili asiharibu ile dhahabu. Dhahabu yangu.

Sasa Kaka anahamia nyumba ndogo na ameamua kuuza vyote. Amempata mnunuzi anayetaka mkusanyiko mzima, lakini swali lake la kwanza lilikuwa juu ya mwanaanga: je, chapa ya kifuani ni ile ya kiwandani? Kaka akamjibu kwa moyo mweupe kwamba ni ileile na haijaguswa. Kisha akanipigia simu akaniomba nimpigie picha vijitu vyote za kumtumia mnunuzi, kwa sababu nina taa nzuri. Mama, mimi najua ni pembe gani ya taa inayoonyesha ukingo wa stika, na ni pembe gani inayouficha. Picha ni Jumapili ya wiki ijayo.

Mke wangu ndiye pekee anayejua. Yeye anasema, "Ni mdoli. Mtu mzima hafi kwa mdoli. Nyamaza, mzee auze, ahame, yaishe." Mimi nimefikiria kununua kiwiliwili halisi cha mwaka uleule na kukibadilisha siku ya picha bila yeye kujua. Nimefikiria pia kumtuma mtu amnunue mwanaanga kwa niaba yangu, Kaka apate fedha yake na siri ibaki kwangu. Na nimefikiria kumwambia, lakini kila nikifika mlangoni kwake namkumbuka yule baba na ile miguu.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina miaka minne na bado inaendelea. Pamba ile ninayo mpaka leo, ndani ya kiberiti, kwenye mtoto wa meza.

Nifanye nini?

Fundi wa Usiku


MAMA MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Sikucheka. Nilisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilijikuta nimeshikilia pumzi ulipofika kwenye ile pamba. Lakini najua wako wasomaji watakaocheka, kwa hiyo niruhusu niwageukie kidogo. Kampuni inayotengeneza vijitu hivi ilianzia katika karakana ya seremala huko Denmaki mwaka 1932, na jina lake limetokana na maneno mawili ya Kidenmaki yenye maana ya "cheza vizuri". Waliozoea kudhani ni mambo ya watoto wajue kwamba mwaka 2013 kampuni hiyo ilificha vijitu 5,000 vya rangi ya dhahabu ndani ya pakiti zilizofungwa na kuzisambaza duniani, na waliosimama madukani wakiminyaminya pakiti kwa vidole wengi wao walikuwa na ndevu. Mimi mwenyewe nina kopo la vifungo vya nguo ambazo hazipo tena. Sioni tofauti kubwa, ila vifungo vyangu havitabasamu.

Turudi kwako. Umeniletea mzigo mmoja, lakini nikiufungua naona yamo mambo matatu, na nadhani uzito umezidi kwa sababu umeyafunga pamoja. La kwanza ni ajali: uliteleza ukisafisha kitu cha mtu. Mafundi wote huteleza. La pili ni lile "ndiyo". La tatu hukuliita kwa jina, ingawa umelieleza vizuri kabisa: miaka minne umekula kutokana na lile "ndiyo". Ajali inasameheka karibu bila kuombwa. Neno moja lililokutoka mtu akikutazama machoni, nalo twalielewa, maana nani kati yetu hajawahi kulisema? Hilo la tatu ndilo nashuku linalokusimamisha mlangoni kwa Kaka, na wewe unasema kinachokusimamisha ni baba yake.

Sisemi kwamba hujali. Mtu asiyejali asingehesabu mara 11. Nasema tu kwamba umeandika mistari michache juu ya maumivu ya Kaka na mingi juu ya brashi, vanishi na msasa, na hapo ndipo barua yako ilipopata uhai. Unajua nilichokiona? Fundi aliyefanya kazi bora ya maisha yake na hajawahi kusifiwa kwayo. Unasifiwa kwa kurudisha weupe, kazi ambayo mwenyewe unasema dawa yake unaijua. Ile nembo, usiku ule wote, hakuna jicho lililoijua. Mke wako anaijua kama kosa. Kaka anaijua kama ya kiwandani. Huenda sehemu ya unachotamani kumwambia Kaka haina majuto ndani yake hata kidogo. Ni sauti ya mwanafunzi kwa mwalimu wake: tazama nilichoweza. Hilo si dhambi, lakini ni vizuri ulijue kabla hujafungua mdomo, lisije likachanganyika na kuomba radhi, ukaanza kumweleza habari za brashi wakati yeye bado anatafuta pa kukaa.

Sasa niruhusu nikuulize juu ya mambo uliyoyachukua kama yamethibitika.

Una hakika Kaka hajui? Huyu ndiye aliyekufundisha kutambua chapa halisi na ya kuiga. Amemshika mwanaanga huyo kwa miongo minne. Siku ulipomrudishia, jambo la kwanza alilolisema lilihusu dhahabu. Mimi sikuwapo, sikuisikia sauti yake. Huenda alisema kwa furaha tupu kama ulivyosikia. Lakini huenda pia alikuwa amekufungulia mlango, nawe ukaufunga. Na kama anajua, basi jibu alilompa mnunuzi lina maana nyingine, na mazungumzo yenu yatakuwa mengine kabisa. Sikushauri uende kumchunguza kwa mafumbo. Nakuomba tu usiingie kwake ukiwa umeshaandika kichwani jinsi atakavyovunjika.

Halafu hili la kwamba mwanaanga "si yule tena". Kiwiliwili ni kilekile. Mikono ni ileile, miguu iliyoshikwa ni ileile, na ule uso wa nukta mbili na tabasamu, ambao hadi vijitu vya maharamia vilipotoka mwaka 1989 ndio uliokuwa uso wa vijitu vyote hivi, bado ni uleule. Kilichoondoka ni utando wa wino. Kwa mkusanyaji, utando huo ndio bei yote, na sitabishana na wakusanyaji. Kwa Kaka sijui. Wewe pia hujui. Inawezekana kwamba alichokihifadhi ni ile amri ya baba ya kushika miguu, na hiyo hukuifuta kwa spiriti. Inawezekana pia kwamba kwake dhahabu na amri ni kitu kimoja, na hapo utakuwa umemgusa palepale unapopaogopa. Mwenye kujua ni yeye.

Ushauri wa mke wako nimeupima bila kuupuuza. Anachokiona yeye ni mume asiyelala, na anataka alale. Na kuna ukweli kwamba mara nyingi kukiri humpunguzia mkiri mzigo na kumtwisha aliyekiriwa. Kama Kaka angekuwa anamweka mwanaanga kabatini mpaka mwisho wa siku zake, ningekaa na hoja hiyo muda mrefu. Lakini ameingia mtu wa tatu ambaye katika barua yako hana hata umbo: mnunuzi. Yeye ameuliza swali moja la wazi na amepewa jibu lisilo la kweli na mtu mwaminifu. Chapa ya kiwandani hugongwa moja kwa moja juu ya plastiki kwa kipande laini cha silikoni kinachobeba wino, haina utando wa stika wala ukingo wake. Stika yako ina utando, hata kama kucha haikwami. Unajua hivyo kuliko mimi. Siku moja mtu ataiinamisha chini ya taa akiwa na lenzi. Siku hiyo simu haitakuja kwako, mwanangu. Itakwenda kwa Kaka, na atakayeitwa mwongo ni yeye, katika jamii ya watu waliomheshimu maisha yake yote. Ukinyamaza unajikinga wewe, na yeye unamwacha wazi. Sijui kama ulikuwa umelitazama kwa upande huo.

Mpango wa kubadilisha kiwiliwili ni wa akili sana, na ndiyo maana unanitia wasiwasi kidogo. Najua vipande vya zamani vinapatikana. Soko la BrickLink lipo mtandaoni tangu mwaka 2000, na kampuni yenyewe ililinunua mwaka 2019. Tuseme umekipata, kina dhahabu nzuri. Mnunuzi atapata alichokiulizia, au karibu yake. Kaka atapata bei yake. Lakini mikono je? Ukiing'oa ya zamani uipachike kwenye kiwiliwili kipya unaweza kuvipasua viwiliwili vyote viwili ubavuni. Ukiiacha, unamwuzia mtu mwanaanga mwenye kifua na mikono ambayo baba wa Kaka hakuigusa, na Kaka atasimulia hadithi ya baba yake mbele ya kitu kigeni. Na wewe utabaki na kile cha kweli, kimefichwa, pengine kwenye mtoto wa meza uleule wenye kiberiti. Angalia pia ulivyoanza haya yote: ulikuwa na hakika kwamba mkono wako unaweza kurekebisha kabla mtu hajajua.

Kumnunua kwa mlango wa nyuma kuna heshima zaidi kwa mnunuzi, kwani hataingia kabisa katika jambo hili. Ila huyo mtu anataka mkusanyiko mzima, na sijui kama atakubali kumwacha kijitu alichokiulizia kwanza. Ukifaulu, Kaka atakuwa anakuuliza mara kwa mara kama unamfahamu huyo aliyemchukua mwanaanga, na kama anamtunza. Utajibu nini? Nahofia utaanza kumtungia maisha.

Kuna pia njia isiyo ya kukiri moja kwa moja, na nimeiona ikitumiwa na watu wazuri: kumwambia Kaka, kabla ya picha, kwamba kijitu kikishafanyiwa kazi na fundi yafaa mnunuzi aelezwe hivyo. Mwanaanga alisafishwa, hilo halina ubishi. "Haijaguswa" si neno la kweli hata bila ile pamba. Hilo litafungua mlango nusu. Hatari yake ni kwamba Kaka atakutazama na kuuliza, "Kwani uliigusa nembo?" na hapo utakuwa umerudi palepale kwenye "ndiyo" na "hapana", safari hii ukiwa umeshtukizwa na jambo ulilolianzisha mwenyewe. Kama utapita huko, pita ukijua jibu lako la swali hilo.

Na kama utaamua kumwambia yote, nina machache tu, maana maneno yatakuwa yako. Usingoje siku ya picha, mbele ya taa na kamera, ukiwa na saa chache. Usimwambie kwa simu. Usianze na baba yake. Hayo ni yake kuyataja akitaka. Kidoa, pamba, spiriti, stika, halafu lile "ndiyo". Ni sentensi tano. Wengi tunapokiri huongeza maelezo mpaka aliyekosewa anaanza kutufariji sisi. Kisha mpe taa aishike yeye, amtazame mwanaanga wake kwa pembe ile unayoijua. Nadhani ana haki ya kuiona kazi hiyo kwa macho yake kabla hajasema lolote.

Atafanya nini? Sikuahidi kitu. Anaweza kukasirika na kukutoa katika midomo ya watu kama alivyokutia, na riziki yako ya usiku ikakauka kwa muda. Anaweza kunyamaza miezi. Anaweza kumweleza mnunuzi na bei ikashuka, na hapo utajiuliza kama wewe ndiwe wa kufidia. Usilipeleke wazo hilo kama ngao siku ya kwanza, lakini uwe umelipima nyumbani na mke wako, maana fedha hiyo ni ya nyumba yenu wote wawili. Anaweza kumwondoa mwanaanga kwenye mauzo na kuhama naye. Anaweza kukuambia alijua tangu siku ile, na hilo nadhani ndilo litakalokuuma kuliko yote, ukihesabu miaka.

Kuhusu wateja wako, jambo moja la kando. Mafundi wengine wa vijitu vya kugeuza huweka alama yao mahali pasipoonekana, ili kazi ya mkono isije ikauzwa kama ya kiwandani wao wakiwa hawapo. Hukusema kama wewe unafanya hivyo. Hao zimamoto wako waliogeuka mafundi cherehani, je, wanajulikana kuwa wako? Nakuuliza kwa sababu mtu anayeficha kazi yake moja huanza kuzoea kuficha na nyingine, na ningependa kazi zako zijulikane. Kwa jinsi ulivyoieleza ile ya 12, nadhani zinastahili.

Sijakupa jibu la "fanya hivi", na najua ulilitaka. Nisingeweza kulitoa bila kumjua Kaka, na unayemjua ni wewe. Wewe ndiye uliyetambaa naye sakafuni kutafuta mkono. Ila una siku chache. Jumapili ikifika bila wewe kuchagua, kamera ikishawekwa, pembe utakayoishika taa itakuwa imechagua kwa niaba yako.

Na ile pamba kwenye kiberiti. Umeihifadhi miaka minne, tena hukuniambia kwa nini, na labda nawe hujajiuliza. Ukienda kwa Kaka, sijui kama uende nayo au uiache. Dhahabu iliyomo ni yake.